Vane ndogo chini ya shofo: kila anayelala ndani ya nyumba aijue

Wale mlio nyumbani kwenu na wale mlio kwa watu, leo nataka tuongee juu ya kitu kidogo sana. Kinaenea katika kiganja cha mkono. Kiko chini ya shofo, ule mtungi mweupe wa umeme unaotundikwa ukutani kwenye chumba cha kuogea ili tupate maji ya moto. Kitu hicho ni vane, yaani kile kifungio cha kukata maji yanayoingia ndani ya mtungi. Wengi wanaoga chini yake kila asubuhi na hawajawahi kuinua macho kukiangalia.

Mimi ni mtu wa mikro, si plombie. Lakini kazi yangu inaniingiza ndani ya nyumba nyingi za Goma, na mwaka huu nimeona jambo moja ambalo limenifanya niandike. Katika mji wetu, mtu anayelala ndani ya nyumba leo mara nyingi si yule aliyekuwa pale siku shofo ilipotundikwa. Na yule aliyekuwa pale aliondoka bila kusema kitu.

Hebu tukumbuke. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ilitapika jioni, na tarehe 27 mwezi ule ule viongozi wa jimbo waliamuru kata 10 za mji zihame. Watu walitoka mbio kwenda Sake, Rutshuru, Bukavu na ng'ambo kule Gisenyi. Mwisho wa Januari 2025 vita viliingia ndani ya mji. Mwezi wa Februari makambi yaliyokuwa pembeni yakavunjwa, Bulengo na Lushagala yakiwemo. Wenye uwezo walisafiri na kuachia ndugu funguo. Wasiokuwa na pa kwenda waliingia kwa shemeji, kwa binamu, kwa mtu wa kanisa moja, au walikaa kama zamu wa kuchunga parsele ya mtu. Ndiyo maana leo unakuta familia iliyotoka Masisi au Rutshuru, iliyozoea kuchemsha maji kwa makala, inalala ndani ya nyumba ya mawe yenye shofo ya lita 80. Hakuna aliyewaambia ile kitu inafanya kazi namna gani.

Nilifika katika nyumba moja ya namna hiyo kwa sababu mama wa pale alituma ujumbe kwenye kipindi chetu. Alikuwa anaishi na watu 11, wengi wao watoto, kwa kaka ya mume wake ambaye amekwenda nje. Swali lake lilikuwa fupi: robine ya maji ya moto inakohoa na kutoa moshi, je, ni vizuri watoto waendelee kuoga?

Nilikwenda na plombie mmoja ninayemfahamu, mzee wa kazi. Hatukufika hata mlangoni pa chumba cha kuogea. Mzee alisikia mtungi unanguruma, akauliza swichi kubwa ya umeme iko wapi, akaikata kwanza. Halafu akasema watoto wote watoke nje, hasa wale waliokuwa wamelala katika chumba cha nyuma ya ukuta ule. Tukakaa uani mpaka jioni, mtungi upoe. Hakugusa vane, hakufungua robine, hakufanya lolote isipokuwa kungoja.

Jioni alipoingia alituonyesha. Chini ya shofo kuna kipande cha shaba, ndicho wenye kazi wanaita grupu ya usalama. Kina mdomo mdogo ambao unatakiwa kutoa matone. Kwenye mdomo ule mtu alikuwa amefunga bushoni ya chuma, akaikaza kwa ufunguo.

“Hii bushoni ni nani aliiwekaka? Huyu mutu alitega bombe mu nyumba ya batu,” mzee alisema.

Mama alijibu kwa sauti ya chini: “Papa, siye tulikuta iko vile. Niliuliza majirani, bakasema shofo njo inafanyaka vile. Lakini mie niliona ile moshi, moyo ikakataa.”

Moyo wake ulisema kweli. Kirekebisha moto cha shofo ile kilikuwa kimeharibika, umeme ulikuwa unachemsha maji bila kuacha, na mlango pekee wa kutolea nguvu ile ulikuwa umezibwa. Nimeandika jambo hili kwa ajili ya mama yule na kwa ajili ya wengine ambao moyo wao ulikataa lakini wakaambiwa na majirani kwamba ni kawaida.

Sasa tuelewe kitu chenyewe. Maji ya baridi yanaingia kwa chini ya mtungi, maji ya moto yanatokea kwa juu. Pale yanapoingia maji ya baridi ndipo inapokaa grupu ya usalama, na ndani ya kipande kile kimoja kuna vitu vinne. Cha kwanza ni vane ya kufunga na kufungua maji, mara nyingi ina kishikio kidogo ambacho ukikizungusha robo ya mzunguko maji yanakatika. Cha pili ni klape, ulimi mdogo unaoruhusu maji yaingie na kuyakataza kurudi nyuma. Cha tatu ni kile kinachofunguka chenyewe nguvu ikizidi: ndani yake kuna springi ambayo inaachia maji ikifika bar 7. Cha nne ni kidude cha kuzungusha kwa mkono ili kumwaga maji ya mtungi.

Kwa nini inatoa matone? Kwa sababu maji yakipata moto yanapanuka. Shofo ya lita 80, ikitoka kwenye baridi na kufika digrii 65, maji yake yanaongezeka zaidi ya lita moja. Lita ile haina pa kukaa, na klape haiiruhusu kurudi kwenye bomba. Kwa hiyo inatoka kidogo kidogo kwa ule mdomo. Matone yale wakati shofo inachemsha ni pumzi ya mtungi. Ukiona yanalowesha sakafu, weka ndoo au peleka kabomba mpaka kwenye shimo la maji machafu. Usizibe. Usifunge kitambaa, usiweke mti, usipige mpira wa chubu ya piki, na fundi akikuambia atakuwekea bushoni ili sakafu ikauke, mrudishe kwao.

Matone yakitoka mchana na usiku hata umeme ukiwa umekatwa, hapo ni jambo lingine. Grupu imechoka au uchafu umekwama ndani yake, na dawa ni kuibadilisha.

Mtungi uliozibwa unakuwa hatari kwa sababu maji yaliyofungwa kwa nguvu yanaweza kupita kiwango cha kuchemka bila kuwa mvuke. Chuma kikipasuka, maji yale yanageuka mvuke kwa mara moja, na mvuke unachukua nafasi zaidi ya mara 1,600 kuliko maji yaliyouzaa. Ukuta wa mawe ya volkano hauzuii kitu kama hicho, wa mbao ndiyo usiseme. Na hata bila kupasuka, maji ya digrii 60 yanaunguza ngozi ya mtu mzima kwa sekunde chache tu. Kwa ngozi ya mtoto ni upesi zaidi.

Turudi kwenye vane yetu. Kazi yake ya kwanza ni kuokoa nyumba. Mtungi ukianza kuvuja, bomba likipasuka, au mkitaka kuondoka kwa haraka na hamjui mtarudi lini, fuateni mpango huu. Kwanza, kateni umeme wa shofo. Pili, zungusheni vane ya maji ya baridi mpaka ifunge. Kama mnaondoka kabisa, fungeni pia vane kubwa ya pale kwenye mita ya maji. Mpango huo usigeuzwe: umeme kwanza, maji baadaye. Ukifunga maji na kuacha umeme, na mtungi ukawa unavuja kidogo kidogo, maji yatashuka mpaka ile rezistansi, chuma kinachochemsha, kibaki kinawaka bila maji. Kitaungua, na kinaweza kuunguza vingine pamoja nacho.

Wengi wetu tulikimbia mwaka 2021 na tena mwaka 2025 tukiwa na mtoto mgongoni na fuko la nguo mkononi. Si rahisi kufikiri juu ya vane wakati mabomu yanalia. Ndiyo maana inafaa mikono iwe imekwisha kuijua mbele ya siku hiyo. Kukata swichi na kuzungusha kishikio ni kazi isiyofika hata dakika moja.

Kazi ya pili ya vane inawahusu sana watu wa mji kama wetu, ambako maji na umeme vinakwenda na kurudi kila kimoja kwa saa yake. Maji yakikatika kwenye bomba, ile klape inatakiwa kuyashikilia yaliyo ndani ya mtungi. Lakini klape inazeeka. Maji ya Goma yanapandishwa kutoka ziwa Kivu, na ziwa letu lina madini mengi yaliyoyeyuka ndani yake, ambayo yakichemshwa yanabandika uchafu mgumu kwenye vyuma. Klape ikichafuka haifungi vizuri, na maji ya mtungi yanarudi yakishuka kwenye bomba bila mtu kujua. Halafu umeme unarudi usiku wa manane na kukuta mtungi mtupu. Ndivyo shofo nyingi zinavyokufa hapa kwetu. Mwenye nyumba anasema ni bidhaa mbaya, kumbe ni maji yaliyoondoka.

Kwa hiyo maji yakikatika kwa muda mrefu, kata umeme wa shofo na ufunge vane. Yakirudi, usikimbilie swichi. Fungua robine ya maji ya moto kwanza, halafu fungua vane polepole. Robine itatema hewa, itakohoa, itatoa maji machafu kidogo. Ngoja mpaka maji yatiririke sawasawa bila kukatika. Hapo tu ndipo urudishe umeme.

Kazi ya tatu ndiyo iliyonishangaza mimi mwenyewe siku mzee aliponieleza. Mwisho wa Januari 2025 Goma ilikaa siku kadhaa bila umeme wala maji ya bomba. Tuliona watu kwa mamia wakishuka ziwani na bidoni, katikati ya hatari zote zilizokuwa barabarani, kuchota maji ambayo sote tunajua yanaleta kipindupindu yakinywewa vile yalivyo. Na katika nyumba nyingi, juu ya vichwa vya watu wale wale, kulikuwa na lita 50, lita 80, lita 100 za maji ya bomba zimefungwa ndani ya mtungi. Lita 80 ni bidoni nne za manjano zile za lita 20. Kwa familia yenye watoto, hiyo ni tofauti ya kutoka nje au kutotoka.

Hakuna aliyeyachota kwa sababu ukifungua robine ya moto wakati bomba halina maji, haitoi hata tone. Watu wanaamua kwamba shofo ni tupu. Si tupu. Ni kwamba maji ya moto yanachukuliwa kutoka juu kabisa ya mtungi, na bila nguvu ya bomba kuyasukuma kutoka chini hayawezi kupanda. Yamekaa tu pale.

Namna ya kuyatoa ni hii. Kata umeme, hata kama mji mzima uko gizani, kwa sababu hujui utarudi saa ngapi. Ngoja mtungi upoe. Unaweza kukaa na moto siku nzima, usidanganyike na baridi ya nje ya mtungi. Funga vane ya maji ya baridi, ili maji yasikimbilie kwenye bomba tupu na uchafu wa bomba usiingie. Fungua robine ya maji ya moto iache hewa iingie. Halafu weka ndoo chini ya grupu ya usalama na uzungushe kile kidude cha kumwagia. Maji yatashuka. Ya kwanza yanaweza kuwa na rangi na uchafu wa chini ya mtungi. Hayo wekeni ya choo. Yanayofuata ni ya kufulia, kupikia na kuoga. Ya kunywa yachemsheni au tieni dawa ya maji, kwa sababu maji yaliyokaa kwenye joto hayana tena klori ya kutosha. Mkimaliza, msirudishe umeme mpaka mtungi ujae tena kama nilivyoeleza.

Mzee plombie aliongeza mambo mawili ambayo nayaweka hapa kama alivyoyasema, kwa maneno yangu. La kwanza: pasiwe na vane nyingine yoyote kati ya grupu ya usalama na mtungi. Mafundi wengine wanaiweka pale ili iwe rahisi kubadilisha grupu. Siku mtu atakapoifunga bila kujua, mtungi utabaki bila pumzi, sawa kabisa na ile bushoni. La pili: mara moja kwa mwezi, zungusha kidogo kile kidude cha kumwagia, kiachie maji kwa sekunde chache, urudishe. Kisipochezeshwa kinagandishwa na uchafu, na siku ya haja hakitafunguka.

Najua kuna msomaji ambaye amefika hapa akisema moyoni: huyu anaongea na matajiri wa Himbi, mimi naishi kwenye mbao na mabati, shofo nitaitoa wapi? Ndugu yangu, naongea na wewe zaidi kuliko na tajiri. Tajiri alimlipa fundi, alisimama pale shofo ikitundikwa, na siku ya vita alikuwa na gari. Anayebaki na shofo ni wewe: dada anayefanya kazi ya nyumbani, zamu anayechunga parsele, mama aliyepokelewa na ndugu. Ninyi ndio mnalala upande wa pili wa ukuta. Na ninyi ndio mnaoogopa kugusa kwa sababu mmeambiwa msiharibu vitu vya watu.

Jambo hilo la mwisho nimelisikia kila mahali. Mwenye nyumba akiacha funguo anaonyesha mengi. Anaonyesha mlango wenye kufuli gumu, panneau ya jua iliyo juu ya paa, mbuzi, chumba ambacho kisifunguliwe. Juu ya shofo anasema neno moja: “Musiguse.” Anafikiri analinda mali yake. Lakini mtu aliyekatazwa kugusa hatakata umeme mtungi ukianza kunguruma. Atasimama, ataangalia, atapiga simu ambayo haina reseau. Mgeni wako asiyejua vane ni hatari kwa nyumba yako kuliko mgeni anayeigusa akijua.

Kwa hiyo wewe uliye na nyumba na umepokea watu, au uliyeacha watu kwako na uko Kampala, Bujumbura au Kinshasa, fanya jambo moja wiki hii. Kama uko pale, wachukue wote wenye umri wa kuelewa, hata mtoto wa miaka 12, muwasimamishe mbele ya shofo. Waonyeshe swichi yake. Waonyeshe vane, kila mmoja aizungushe kwa mkono wake, afunge na kufungua. Waonyeshe mdomo wa matone na uwaambie usizibwe. Funga kitambaa chekundu kwenye kishikio cha vane, na uandike ukutani kwa chaki, kwa Kiswahili: UMEME KWANZA, HALAFU MAJI. Kama uko mbali, piga simu ya video na uwaongoze. Wakikuta bushoni, au vane iliyowekwa mahali pasipofaa, wakate umeme na wasirudishe mpaka fundi wa kweli afike. Kuoga maji ya baridi ya Goma hakujaua mtu.

Na wewe uliyepokelewa, usiogope kuuliza. Sema hivi: “Mama,” au “Papa, nisaidie kunionyesha namna ya kukata hii kitu, kama kuna shida usiku.” Hakuna mwenye nyumba mwenye akili atakayekasirika.

Nyumba ile ya mama wa Masisi ilipata grupu mpya na kirekebisha moto kipya. Mzee hakuchukua pesa ya mkono wake. Vifaa vililipwa na yule kaka ya mume kwa simu. Tulipotoka, binti mkubwa wa nyumba, kama miaka 14 hivi, alikuwa anawaonyesha wadogo zake vane, akiwafokea kama mwalimu: “Hapa munafunga. Lakini mbele ya kufunga munafanya nini?” Wote wakajibu kwa sauti moja.

Kwenye kipindi cha Jumamosi tutakuwa na plombie studioni ajibu maswali yenu. Kabla ya siku hiyo ingieni kwenye chumba cha kuogea, inueni macho, na muangalie kama ule mdomo wa chini uko wazi. Ukiwa umezibwa, msingoje Jumamosi. Kateni umeme leo.